Kelele ndani ya trela: kisa cha AC ya paa, stima ya hezi 50 na usingizi wa bibi

Kisa hiki kimeandikwa kwa idhini ya familia yenyewe. Majina, mtaa na maduka yaliyohusika yameondolewa. Nimekichagua kwa sababu karibu kila anayeniuliza kuhusu AC ya trela huanza na swali lilelile, "Ni ipi haina kelele?", na wengi huwa wameshaanza kutafuta pesa kabla hawajajua kelele wanayoikimbia inatoka wapi.

## Usuli

Trela ni ya Kimarekani, ya kukokotwa na gari, urefu wake futi 24. Ndugu wa familia aliyeishi ng'ambo aliileta kwa meli, ikateremshwa Kilindini, kisha ikaegeshwa kwenye kiwanja cha familia karibu na ufuo, kaskazini mwa Nyali. Kwa kawaida hukaa hapo kama chumba cha wageni. Shule zikifungwa, hukokotwa hadi Watamu au Voi. Anayelala humo mara nyingi ni mama mzazi wa mwenye trela, bibi wa miaka sabini na kitu, kwa kuwa vyumba vya nyumba kubwa viko ghorofani na magoti yake hayataki ngazi.

Chumba cha kulala kiko mbele, upande wa ulimi wa kukokotea. Katikati kuna jiko na meza ya kulia, nyuma kuna makochi. AC ilikuwa juu ya paa, ya BTU 13,500 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza), ikipuliza moja kwa moja kupitia tundu la dari la inchi 14 kwa 14. Kutoka kwenye tundu hilo hadi kwenye mto wa bibi ni hatua chache tu. Stima ililetwa kwa waya kutoka nyumba kubwa na kupitishwa kwenye transfoma ya kushusha volti, iliyofichwa chini ya benchi la meza ya kulia.

Shida ilianza msimu wa Kaskazi. Anayeijua Mombasa ya Februari na Machi hahitaji kuelezwa: mchana nyuzi 32 au zaidi, usiku haushuki hata ukapata nafuu, na hewa ina unyevu wa kulowesha shuka. Bibi alikuwa anawasha AC jioni, akiingia kulala anaizima. Anafungua madirisha, mbu wanaingia, na alfajiri anaamka ametota jasho. Mwanawe alimsihi aiache iwake.

"Bora joto, mwanangu," alimjibu. "Joto halinigombezi."

## Yaliyojaribiwa mwanzo

Fundi wa kwanza alipanda paani, akakuta AC inacheza kidogo, akakaza bolti zote nne kwa nguvu. Kelele iliongezeka. Kati ya AC ya paa na bati la paa hukaa gasketi nene ya sponji, ambayo inatakiwa ibanwe hadi kufikia takriban nusu ya unene wake. Isipobanwa vya kutosha, mvua inaingia. Ikibanwa hadi kulala kabisa, inakuwa ngumu na kuupitisha mtetemo wote wa kompresa, ile pampu inayosukuma gesi ya kupoza, kwenye paa, na paa la trela ni bati jembamba juu ya mbao nyembamba.

Fundi wa pili aliziba pembeni mwa tundu la dari kwa sponji ya godoro ili kuua mvumo. Ulipungua kweli, kwa usiku mmoja. Sponji ilikuwa imeziba njia ya hewa ya kurudi kwenye AC. Koili ya ndani, yaani mabomba yanayopoza hewa, ilikosa hewa ya kutosha, ikashika barafu, na AC ilipozimwa barafu ikayeyuka na kudondokea zulia na ukingo wa kitanda.

Baada ya hapo familia ilikwenda dukani. Walishauriwa waagize AC mpya ya paa kutoka Marekani, ya BTU 15,000, toleo linalosifiwa kwa ukimya. Mwenye trela alikuwa karibu kulipa arubuni. Mkewe ndiye aliyesema wasubiri hadi mtu awaonyeshe kelele ile ni ya nini hasa. Hapo ndipo nilipoitwa.

## Kupima kabla ya kununua

Nilitumia programu ya kupima sauti ya simu. Simu si chombo cha maabara, lakini ukitumia simu ileile, mahali palepale, inafaa sana kwa kulinganisha. Niliilaza kwenye mto wa bibi na kuwasha kitu kimoja kimoja.

Kila kitu kikiwa kimezimwa usiku, simu ilisoma desibeli 37: bahari, wadudu, gari la mbali. Feni ya AC peke yake, bila kompresa, ilifika 63. Kompresa ilipoingia, 67. Desibeli hazihesabiwi kama shilingi: ongezeko la 10 sikio hulisikia kama kelele imekuwa maradufu hivi. Kutoka 37 hadi 67 si mchezo kwa mtu anayetaka kulala. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999, lilipendekeza desibeli 30 kwa kelele isiyokatika ndani ya chumba cha kulala, na kanuni za NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, za mwaka 2009 zinaweka 35 kuwa kiwango cha usiku ndani ya makazi.

Kipimo cha feni ndicho kilichoniambia mengi. Ikiwa feni pekee inatoa 63, basi ukimpa bibi kompresa iliyo kimya kabisa, bado atabaki na 63 juu ya kichwa chake. Hewa nyingi ilikuwa inasukumwa kupitia tundu dogo na kupiga kona kali. AC ya BTU 15,000 nayo ingepitisha hewa yake kupitia tundu lilelile.

Halafu nikazima AC nzima na kuacha transfoma tu. Mvumo ulibaki. Kwenye rafu ya jiko kulikuwa na glasi yenye kijiko ndani. Transfoma ikiwa peke yake, kijiko kilitulia. Kompresa ilipoanza, kijiko kilipiga glasi mara mbili tatu kisha kikaendelea kulia kwa sauti nyembamba muda wote ilipokuwa ikizunguka. Nilimwomba mwenye trela aweke kiganja kwenye dari, kisha kwenye ukuta wa chumba cha kulala, kisha kwenye mbao za kitanda. Kote alihisi mtetemo uleule. Trela nzima ilikuwa inaimba pamoja na kompresa.

## Tatizo la hezi

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wenye trela za Kimarekani wanapopoteza pesa zao Kenya.

Stima yetu ni volti 240, hezi 50, yaani mawimbi 50 ya umeme kwa sekunde. AC ile imeandikwa ubavuni volti 115, hezi 60. Transfoma inashusha volti, haigusi hezi. Mota iliyotengenezwa kwa hezi 60 ikilishwa hezi 50 huzunguka taratibu zaidi, ikipoteza karibu moja ya sita ya kasi yake. Kompresa inasukuma gesi kidogo, feni inapeleka hewa kidogo, chumba kinachelewa kupoa, na AC inawaka muda mrefu kuliko ilivyopaswa.

Hilo ni nusu ya maneno. Chuma kilicho ndani ya mota kimepimwa kubeba kiasi fulani cha sumaku, na kiasi hicho kinafuata uwiano wa volti kwa hezi. Volti 115 kwa hezi 60 ni 1.9. Volti zilezile 115 kwa hezi 50 ni 2.3, yaani nyongeza ya moja ya tano. Chuma kinajaa, mota inakula ampea nyingi bila kazi ya maana, inapata moto, na inavuma. Mvumo huo ni mzito, wa mitikisiko 100 kwa sekunde, na sauti nzito ndiyo ngumu kuzuia kwa kuta nyembamba. Ili mota ile ipumue kwenye hezi 50 ingehitaji volti kama 96 tu, na hapo nguvu yake ingepungua pamoja na ubaridi.

Kwa hiyo AC mpya kutoka Marekani, hata iwe kimya namna gani kwao, ingefika hapa na kukuta transfoma ileile na hezi zilezile. Sifa iliyoandikwa kwenye boksi ilipimwa kwenye stima ya kwao. Mwenye trela alinyamaza kidogo, kisha akamwambia mkewe, "Mama watoto, ungeniacha ningelipa." Walighairi arubuni siku ileile.

## Joto kwanza

Kabla ya kuchagua mashine tulipunguza kazi yenyewe. Trela ilikuwa inakaa juani tangu saa tatu asubuhi. Familia ilijenga banda la makuti juu yake, limeinuliwa ili upepo upite kati ya makuti na paa, na upande wa magharibi wakaliteremsha chini kidogo kukinga jua la alasiri. Dirisha la paani juu ya kitanda lilizibwa kwa ubao uliofunikwa karatasi ya kung'aa. Mianya ya mlango ilitiwa raba mpya, maana Mombasa kila hewa ya nje inayoingia ndani huja na maji yake, na AC lazima iyatoe.

Nguvu iliyohitajika ilishuka. Bila makuti singethubutu kupendekeza BTU 9,000 kwa trela ile. Pakiwa na kivuli, zilitosha kwa chumba cha kulala na jiko. Udogo huo una faida ya pili, ambayo mafundi wengi hawaitaji: AC kubwa kupita kiasi inapoza haraka na kuzima kabla haijakausha hewa. Unabaki na chumba baridi chenye unyevu, na kila inapowaka upya inamshtua aliyelala.

## Chaguo zilizokuwepo

AC ya paa ya Ulaya, ya volti 230 na hezi 50, ingeondoa tatizo la stima. Lakini nyingi za namna hiyo hukaa kwenye tundu la sentimita 40 kwa 40, na la trela hii ni kama 36, hivyo paa lingekatwa. Na feni bado ingekuwa juu ya kichwa.

AC ya magurudumu ya kuweka sakafuni niliikataa mara moja. Kompresa inakuwa chumbani pamoja nawe, na zile za bomba moja hutoa hewa ya ndani nje na hivyo kuvuta hewa ya joto kutoka kila ufa. Ya dirishani ni rahisi kwa bei, lakini kompresa inakaa kwenye ukuta uleule mwembamba.

Ikabaki AC ya ukutani ya vipande viwili, ya inveta, BTU 9,000, kama zinazofungwa majumbani Mombasa nzima. Kompresa inakaa nje. Ndani kuna feni ndefu nyembamba inayosukuma hewa kwa upole kupitia mdomo mpana. Mashine ya inveta hubadilisha stima kuwa ya moja kwa moja kabla ya kuendesha kompresa, kwa hiyo inaongeza na kupunguza kasi badala ya kuwaka na kuzima. Inatumia volti 240 bila transfoma, na ikiharibika, fundi na vipuri viko hapahapa.

Wasiwasi wangu ulikuwa mmoja: mashine hizi zimetengenezwa kwa ukuta wa saruji, si kwa barabara.

## Uamuzi wa mahali pa kompresa

Mjadala mrefu ulikuwa huu. Ikiwekwa mbele kwenye ulimi, itakuwa upande wa pili wa ukuta wa kitanda. Ikiwekwa nyuma, itakuwa mbali na bibi, lakini uzito unaoning'inia nyuma ya magurudumu hupunguza uzito wa ulimi juu ya gari. Kwa trela za Kimarekani ulimi unatakiwa ubebe asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote, na ukipungua, trela huanza kuyumba kwa kasi ya barabara kuu. Mwenye trela alikuwa ameshawahi kuhisi mkia ukicheza alipopitwa na lori. Tukachagua mbele.

Fundi wa kuchomelea alitengeneza fremu iliyoshikana na vyuma vya ulimi peke yake, bila kugusa ukuta wa trela hata kwa skrubu moja. Kompresa ilisimamishwa juu ya raba nne laini, ikatazama pembeni ili hewa moto isirudi ukutani. Mitungi miwili ya gesi ya kupikia iliyokuwa palepale kwenye ulimi iliondolewa. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hutambaa chini ikivuja, na haifai kukaa kando ya kifaa cha stima. Siku hizi familia hupika nje, chini ya makuti.

AC ya zamani ilishushwa kutoka paani na tundu likafungwa kwa kifuniko cha kupitisha hewa. Kizigo hicho kuondoka juu kulifanya trela itulie zaidi kwenye kona, jambo ambalo mwenyewe aliligundua kabla sijamwambia.

## Matokeo

Kwenye mto uleule, simu ileile, AC ikiwa kwenye kasi ya chini usiku wa manane: desibeli 42. Saa ya kwanza, inapopambana na joto la mchana, hufika 50. Kijiko kwenye glasi hakilii. Bibi alilala na AC ikiwaka hadi adhana ya alfajiri, na asubuhi alilalamika kuhusu baridi, akaomba blanketi. Tokeni za stima zinadumu zaidi, kwa kuwa mashine ikishapoza chumba hurudi kwenye matumizi madogo ya wati mia chache. Kambini Voi walitumia jenereta ndogo, ambayo isingeweza kuiwasha AC ya zamani, kwani kompresa ya inveta haina ule mvuto mkubwa wa stima wakati wa kuanza.

## Kilichokwama

Baada ya safari ya kwanza ndefu AC ilirudi haipozi. Gesi ilikuwa imevuja kwenye maungio ya bomba la shaba. Fundi wa friji alikuwa amefunga mabomba yakiwa yamenyooka na mafupi, kazi safi kabisa kwa nyumba. Barabarani kompresa inacheza juu ya raba zake, trela inacheza upande wake, na bomba lililonyooka halina pa kupindia, hivyo nguvu yote inaishia kwenye nati. Mabomba yalitolewa, yakatengenezewa mzunguko mmoja mpana kama duara kabla ya kuingia ukutani, yakabanwa kwa vibanio vyenye raba, na midomo ya mabomba ikapanuliwa upya. Hewa iliyokuwa ndani ya mabomba ilivutwa kwa pampu, kisha gesi ikajazwa kwa mizani. Niliwaambia wazi wasikubali gesi ya kukisia kwa mkono kuhisi ubaridi wa bomba. Tangu hapo haijavuja.

Shida ya pili ilikuwa maji. Bomba la kutoa maji lilipewa mteremko mzuri trela ikiwa imenyooka, lakini kambini iliegeshwa imeinamia upande mwingine, na maji yakashuka ukutani ndani. Kwa unyevu wa Pwani maji hayo si matone machache. Waliongeza tundu la pili la kutolea maji upande wa pili wa sinia ya AC inayokusanya maji, na mwenye trela sasa huweka kipima usawa sakafuni kabla ya kuwasha chochote.

Makochi ya nyuma bado yana joto alasiri. Hewa ya AC haifiki huko vizuri kwa sababu ya kabati la jiko. Feni ndogo ya volti 12 inasaidia, lakini haimalizi. Familia iliamua kuvumilia, na nakubaliana nao. Kuongeza mashine ya pili kwa ajili ya saa tatu za mchana kungerudisha uzito na gharama zote tulizozikwepa.

## Uchambuzi

Kilichobadilisha mambo zaidi ni saa ile ya kuwasha kitu kimoja kimoja. Kabla yake kila fundi alikuwa anatibu kelele aliyoidhani. Wa kwanza alitibu bolti, wa pili akatibu tundu, duka likatibu umri wa mashine. Kelele zilikuwa nne na kila moja ina dawa yake: hewa kwenye tundu, mtetemo kwenye paa, mota iliyolishwa hezi isiyo yake, na transfoma chini ya benchi. Mashine mpya ya paa ingegusa moja, pengine mbili.

Makuti yalifanya kazi kubwa kuliko familia ilivyotarajia. Ukimya wa inveta unategemea mashine iwe na nafasi ya kupunguza kasi. Trela ikiachwa juani, hata inveta bora hubaki kwenye kasi ya juu usiku kucha, na 42 inakuwa 50. Watamu waliegesha mahali pasipo na kivuli, na bibi mwenyewe alisema "imeanza tena kusema". Sasa wanasafiri na turubai.

Kuweka kompresa mbele ndio uamuzi ambao ningeendelea kuujadili. Kwa trela ambayo haisafiri, ningeiweka nyuma au juu ya zege kando, mbali na kitanda, na kupunguza desibeli chache zaidi bila shida ya mabomba. Kwa inayosafiri, usalama barabarani unatangulia.

Liko pia suala la chumvi. Mapezi ya alumini, yale mabati membamba ya kutolea joto, ya kompresa iliyo hatua chache kutoka baharini huanza kuliwa mapema. Tulichagua yenye koili iliyopakwa rangi ya kinga, na mwenye trela huiosha kwa maji baridi ya bomba, kwa msukumo mdogo, kila mwezi na kila arudipo safari. Wakati huohuo hupaka povu la sabuni kwenye nati za mabomba kuangalia mapovu. Transfoma haijauzwa, kwa sababu maikrowevu na soketi za zamani bado zinaitegemea. Imewekewa swichi karibu na mlango, na huzimwa kabla bibi hajaingia kulala.